Ovaroli Nilizoshona Mwaka Ule wa Moto

Kwako Atupele,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini ya kwako naijua. Asubuhi umekunywa uji vikombe viwili, umefunga begi na kulifungua mara tatu, na sasa hivi umekwenda na baba yako kwa bibi kuaga. Nimebaki peke yangu kwenye chumba cha kushonea. Mvua inapiga bati, ukungu umeshuka mpaka kwenye mparachichi, na katika hali hii hakuna mteja atakayekuja. Nina muda, basi, na nimeona niutumie kukuandikia yale ambayo ukiwa umesimama mbele yangu siwezi kuyasema.

Sitakuandikia habari za kufua, kupika na kuchelewa kurudi. Shangazi yako wa Mbeya ana mdomo wa kutosha kwa hayo. Na kushona sina la kukufundisha tena. Wale wa karakana ya ushonaji ya Mbeya, unakokwenda kufanya kazi, walipokuja kutazama kazi yako walizigeuza nguo zako ndani nje, wakakagua mishono, kisha wakauliza unaweza kuanza lini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai, nikasahau kuwamiminia.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya mkono wa baba yako.

Unajua kwamba uliungua kwenye moto wa msitu kabla hujazaliwa. Ndivyo tulivyokuambia, na ni kweli. Hatukukuambia kwamba ovaroli aliyoivaa siku ile niliishona mimi, wala kwamba ningeishona inavyopasa, mkono ule usingekuwa ulivyo leo. Jumatatu, tukipukuchua mahindi, nilimwomba baba yako ruhusa ya kukuandikia. Akasema, "Mwandikie. Ameshakuwa fundi, anapaswa kujua."

Ili unielewe lazima nianzie Iringa. Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea, na bibi yako akanipeleka mjini kwa Fundi Abdala. Alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, mtu mpole, mwenye chumba kimoja karibu na soko na cherehani mbili za kukanyaga. Alikuwa akiniita binti. Miaka miwili nilikaa kwake, na karibu kila kitu unachokifanya leo kwa mikono yako kilitoka pale, ingawa ulikipata kupitia kwangu na mimi nilikuwa bomba lililotoboka.

Kila kitambaa kipya cha pamba alikiloweka na kukianika kabla ya kukikata. Alisema kama kitasinyaa, kisinyae mikononi mwetu, si mwilini mwa mtu. Mishono aliikunja mara mbili na kuipitia mara mbili, hata ile ambayo hakuna jicho lingeiona. Kwenye pindo na kiunoni aliacha akiba ya vidole viwili, ili gauni la mtoto lifunguliwe mwaka unaofuata na unaofuata tena. Kwapani mwa shati la mkulima alitia kipande kidogo cha pembe nne, mtu ainue jembe bila kusikia nguo ikilia. Na kabla hajamshika mteja kwa tepu alimuuliza, utaivaa ukifanya nini? Watu wengine walikasirika wakidhani anawachunguza.

Alinifundisha pia kukijua kitambaa. Unachomoa uzi mmoja, unauwasha kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha jivu laini unaloweza kulipuliza. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa inabaki katone kagumu kama kichwa cha pini.

Mimi nilimwona mzee huyu mzito. Mafundi wa upande wa pili wa barabara walimaliza magauni matatu sisi tukiwa bado tunasubiri kitambaa kikauke. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa na haraka ya kuonekana. Siku moja nikamwambia kwamba mama anaumwa, naenda kumwona, nitarudi wiki ijayo. Mama alikuwa mzima kabisa, shambani kwake analima viazi. Sikurudi. Mtu aliyenipa kazi nzima ya maisha yangu nilimuaga kwa uongo, Atupele, na ndiyo maana leo nilikusisitizia uende kwa bibi hata kwa mvua.

Nikafungua kibanda hapa Mafinga. Mji ulikuwa na wapasuaji mbao, madereva wa malori, watu wenye haraka kama mimi. Nilishona kwa mshono mmoja na hatua ndefu, nikapiga pasi vizuri, na nguo ikatoka inang'aa. Watu wakaniita Dada Fasta, na mimi nililipenda hilo jina kuliko nilivyopenda jina langu. Nguo zilipofumuka walizirudisha, nikazishona tena upesi, tukacheka. Niliona hakuna aliyeumia.

Mwaka wa nne, kabla ya kiangazi, alikuja mtu mmoja mwenye shamba kubwa la paini upande wa msituni. Alitaka ovaroli ishirini kwa vibarua wake wa kulinda moto. Alisema wazi, pamba tupu, drili nzito ya nguo za kazi, maana hawa ni watu wa kusogelea moto. Aliniuliza kama nitaweza kuzitoa ndani ya wiki tatu, nami nikajibu ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Drili niliagiza Iringa. Wiki ya kwanza ikapita haijafika, na ya pili. Lori lilikuwa limeharibika njiani, mwenye duka akasema nivute subira. Ningeweza kwenda kwa yule bwana nikamwambia, kitambaa kimechelewa. Ni maneno mawili tu. Lakini nilikuwa Dada Fasta, na nilikuwa na jora la poliesta ya bluu kwenye rafu, rangi ile ile, unene unaokaribiana. Asiyejua asingetofautisha.

Mimi nilijua. Sitaki ubaki na shaka hapo, ukadhani mama yako alidanganywa na mwenye duka. Nilichomoa uzi nikauwasha, nikaona ukijikunja, nikakashika kale katone kagumu kati ya vidole viwili kakiwa bado na joto. Kisha nikakatupa nje. Nilijiambia kwamba moto wenyewe huenda usije mwaka huu. Nilikata ovaroli ishirini na kuzimaliza siku moja kabla ya ahadi, na mwenye shamba akanisifu mbele ya watu.

Moto ulikuja mwezi wa tisa. Mtu alikuwa akisafisha shamba lake kwa kuchoma majani, upepo ukageuka. Vibarua walipelekwa kufyeka njia ili moto usivuke. Mmoja wao alikuwa kijana wa Kinyakyusa aliyetoka Tukuyu kutafuta kazi, jina lake Gwakisa. Tawi linalowaka lilimwangukia yeye na mwenzake kwa pamoja. Mwenzake ovaroli ilikuwa inambana, akawa amevaa koti lake kuukuu la kaki, la pamba. Koti likatoboka, ngozi ikawa nyekundu, akapona kwa wiki. Gwakisa mkono wake wa kushoto, kitambaa kiliyeyuka kikashika nyama. Nesi aliniambia baadaye kwamba walikitoa kidogo kidogo kwa kibanio, siku tatu.

Habari zilinifikia sokoni. Waliozileta walisema tu kwamba kibarua ameungua. Nilifunga kibanda, nikakaa ndani siku mbili. Siku ya tatu nikaenda hospitali.

Alikuwa amelala, mkono umefungwa mpaka begani. Hakunijua. Nilisimama miguuni pa kitanda, nikamwambia, "Ile ovaroli niliishona mimi. Waliniagiza pamba. Nikaweka poliesta."

Alinitazama, kisha akageukia ukutani. Nikaondoka.

Kesho yake nilirudi, na keshokutwa. Sikujua kingine cha kufanya. Nilimpelekea uji, akaunywa bila kusema asante, na sikustahili asante. Ndugu zake walikuwa mbali. Siku ya nane au ya tisa, nikiwa naosha bakuli, ndipo aliponiuliza swali lake la kwanza.

"Ulikuwa unajua kwamba inayeyuka?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kujificha. Lori, mwenye duka, upepo. Sijui nani alinishika ulimi nisiyaseme. Nilijibu kwamba nilijua.

Akasema, "Basi usinidanganye tena kwa kitu kingine chochote."

Ni mwanadamu wa kwanza kunipa nafasi ya namna ile. Hakusema amenisamehe, hilo alilisema baada ya mwaka mzima, tena tukiwa tunazungumzia kitu kingine. Alichonipa siku ile ni mahali pa kuanzia.

Nilikwenda kwa mwenye shamba nikamweleza. Alinifokea, na alikuwa na haki. Nikamwomba anirudishie ovaroli zote nizishone upya. Wapo vibarua waliokataa kuzitoa, walizipenda kwa sababu hazijikunji na zinakauka haraka. Ilinibidi niwachomee uzi mbele ya macho yao, mmoja mmoja, ndipo wakazivua. Zote nikazikusanya, nyingine nikazikata kuwa magunia ya kubebea mkaa.

Kisha nikapanda basi kwenda Iringa. Drili ilikuwa imefika, lakini mimi sikuwa najiamini tena hata kushika mkasi. Fundi Abdala alikuwa amekaa pale pale nilipomwacha miaka minne nyuma. Nilimsalimu, nikamwekea drili mezani nikasema ni ya ovaroli ishirini, akanionyesha kiti.

"Mama yako amepona?" akauliza.

"Hakuumwa, mzee."

"Najua. Kaa, binti. Tuanze na mikono."

Nilimweleza yote huku tukifanya kazi. Hakuniambia neno la kunihukumu. Aliacha kazi zake zote, tukaloweka, tukaanika, tukakata, tukashona, siku kumi na nne, yeye cherehani moja na mimi nyingine. Mikono ya zile ovaroli tuliikunja mara mbili mpaka kwenye kiwiko, tukaongeza kitambaa cha pili juu ya kiwiko na magoti, vifungo tukaweka vya pembe badala ya plastiki. Zile ovaroli bado zipo. Mwaka jana mzee mmoja alileta moja nimwekee kiraka, nikaigeuza ndani nje, nikaona hatua ndogo ndogo za Fundi Abdala zimekaa zilivyo. Nikamwambia mzee asubiri nje kidogo.

Fundi Abdala aliwahi kukupakata. Ulikuwa na miaka mitatu, hukumbuki. Alifariki mwaka uliofuata, na nilikuwepo mazikoni, nikasimama na wanawake. Nilikuwa nimemshukuru akiwa hai, na hilo ni moja katika mambo machache niliyoyafanya kwa wakati wake.

Baba yako alipotoka hospitali hakuweza kuingiza mkono kwenye shati lolote. Kila mshono ulimkwaruza. Nikachukua shuka kuukuu la pamba, lililofuliwa mpaka likawa laini kama kitambaa cha mtoto mchanga, nikamshonea shati lenye mkono uliofunguka kutoka begani hadi kwenye kifundo, unafungwa kwa kamba za kitambaa hicho hicho. Mishono yote niliigeuzia nje, ndani pasiwe na kitu cha kumgusa. Lilikuwa shati baya kwa macho. Alilivaa miezi saba. Nadhani ndilo vazi la kwanza nililolishona nikimfikiria atakayelivaa kuliko watakaoliona.

Ilipita miaka miwili ndipo aliponizungumzia habari ya ndoa. Nilimuuliza kama ananioa kwa huruma. Akasema huruma haidumu miaka miwili. Ulipozaliwa, akakupa jina la kwao, Atupele, kwamba Mungu ametupa. Mimi nilikuwa nimelala nimechoka, lakini nakumbuka niliwaza kwamba katika watu wote, huyu ndiye asiyepaswa kuwa na sababu ya kusema ametupa, na ndiye aliyesema.

Usije ukaisoma barua hii ukawa mtu wa kuwatazama wenzako vifuani kujua wamevaa nini. Mitumba ndiyo iliyonivika mimi shuleni, na humo ndani ya marobota kuna pamba nzuri kuliko nyingine ya dukani. Unajua mwenyewe ni mashati mangapi tumeyafumua tukayakata upya. Na yapo mahali poliesta inafaa, mwavuli huwezi kushona kwa pamba ya marekani. Kosa langu halikuwa kitambaa. Niliambiwa bila hata kuuliza mtu ataivaa akifanya nini, nikalijua jibu, nikaliweka pembeni kwa sababu lilikuwa linanichelewesha.

Kuna kosa jingine, hili dogo, na tayari unalijua, lakini sijawahi kukuambia nilivyolihisi. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulirudi kutoka kwa mjomba wako Ruaha Mbuyuni na gunia zima la maganda ya vitunguu, ukasema utapaka nguo rangi. Nilicheka. Ulipoyachemsha kwenye sufuria yangu ya ugali nikayamwaga, na kitambaa chako kikaenda na maji. Hukugombana nami. Ulitafuta debe bovu, ukajipangia mafiga matatu nyuma ya nyumba, ukaanza upya.

Kitambaa cha kwanza kilipauka kwa kufuliwa mara mbili, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Ukauliza watu, ukasoma kwenye simu, ukaleta shabu, lile jiwe jeupe la kusafishia maji, ukaloweka kitambaa humo kwanza. Ukaenda kuomba magome ya miti ya miwati kwa wanaouza kuni, ili rangi ishike. Siku moja ukaniita, ukafua kile kitambaa cha rangi ya asali mara kumi mbele yangu kwa sabuni ya mche, na maji yakabaki meupe. Nikakuomba radhi kwa kukumwagia kazi yako. Wewe ukasema, "Lakini mama, si kweli sufuria ilikuwa yako?"

Tulicheka sana. Lakini nilipobaki peke yangu nilikumbuka kwamba Fundi Abdala naye alikuwa na mwanafunzi aliyedhani anajua kuliko yeye, ila safari hii mwanafunzi, yaani wewe, ndiye aliyekuwa sahihi, na bado hakunidharau. Tangu siku hiyo nimejifunza kwako. Nguo za rangi zinazotoka hapa kwetu ni zako, mimi nashona tu.

Sasa la mwisho, kabla hamjarudi.

Unamkumbuka yule mwalimu aliyekuja mwaka jana kuagiza sare za kwaya ya shule? Alitaka pamba, kwa sababu watoto huimba juani wakati wa mahafali. Jora likachelewa kufika. Alikuja siku tatu kabla ya mahafali, akakukuta wewe mezani, mimi nilikuwa nyuma ya pazia napiga pasi. Nilimsikia akikuambia mshone kitambaa chochote chenye rangi hiyo, watoto hawajui tofauti, na yeye hatasema kwa mtu.

Pasi ikabaki hewani mkononi mwangu. Sikutoka. Nilitaka kusikia utamjibu nini.

Nikakusikia ukimjibu taratibu, kwa ile sauti yako ya kubembeleza mteja. "Mwalimu, kitambaa kimechelewa. Kosa ni letu, samahani sana. Lakini wewe uliniambia watasimama juani, siwezi kujifanya sikusikia."

Alikasirika, akaenda kwa fundi mwingine. Ulipofunua pazia ulinikuta nimekaa chini, machozi yananitoka, na pasi nimeiegesha ukutani. Ukanikumbatia, ukaanza kunituliza, ukasema tusihuzunike, wateja wengine watakuja, utaongeza saa za kazi, tutafidia. Nikakuacha uamini hivyo, kwa sababu nilikuwa bado sijaweza kukueleza.

Sikuwa nalia kwa ajili ya mwalimu, mwanangu. Umri wako na wangu wa siku ile ulikuwa unakaribiana, na maneno yale mawili niliyoshindwa kuyasema, wewe uliyasema bila mtu kukuonyesha moto. Ndaga fijo, kama wanavyosema kwa kina baba yako. Nimekushukuru kwa Kinyakyusa kwa sababu Kihehe changu na Kiswahili changu nimevitumia vyote kukukemea.

Nasikia mnafungua geti. Baba yako anacheka, nadhani bibi amewabebesha viazi tena.

Ni mimi niliyekuzaa na kukumwagia maganda,
Mama